Shuka la Baba Deng

Ukitaka kupaka rangi ya mafuta ukutani hapa Lodwar, maliza kabla jua halijafika utosini. Baada ya hapo ukuta unakuwa kama sufuria iliyo mekoni. Unaanza herufi H, na ukifika kwenye mguu wake wa pili rangi imeshaganda kwenye burashi, inavutika nyuzinyuzi kama uji uliolala. Hilo nawaambia mapema kwa sababu ni mojawapo ya mambo machache ninayoyajua kwa uhakika. Mengine mengi niliyoyajua yalibadilika nikiwa bado juu ya ngazi.

Nyinyi vijana mnaokuja kukaa uani kwangu na simu zenu za kuchora kwa kidole, huwa mnaniuliza: Mama Rangi, kompyuta ilipoingia kwenye kazi yako, hukuogopa? Niliogopa, kwa nini nidanganye. Lakini mimi tangu utoto ni mtu wa kuchungulia, na mtu wa kuchungulia hawezi kuogopa kitu na kukikimbia kwa wakati mmoja. Atarudi tu kukiangalia.

Kazi yenyewe haikuwa yangu. Ilikuwa ya mume wangu, Lokwawi. Mimi nilikuwa namchanganyia rangi, nasafisha burashi kwa petroli, nashikilia ngazi. Siku moja nilikuwa nimeiacha ngazi kidogo nikanywe maji, akaanguka akavunjika mguu, bango limeishia HOTE. Mwenye hoteli alimhurumia kweli, akatafuta gari la kumpeleka hospitali, kisha akarudi akasimama akiliangalia bango lake. Nikapanda. Zile herufi mbili za mwisho niliziandika mimi, na sikushuka tena kwa miaka mingi sana. Mguu wa Lokwawi ulipona, lakini alisema ngazi sasa imeolewa na mtu mwingine. Akafungua duka la kuuza mikeka.

Nilikosea sana mwanzoni. Kuna mwenye bucha mmoja alitaka mbuzi ukutani. Nilimchora mbuzi mzuri, na macho nikayapa muda kuliko kitu kingine chochote. Baada ya siku chache mwenye bucha akaja kwangu. Akasema wateja wanasimama, wanamwangalia mbuzi, wanaingiwa na huruma, wanaenda kununua maharagwe. Akaniomba nimfumbe macho. Nikamfumba. Akarudi tena: sasa watu wanasema anauza nyamafu. Ilibidi nimfumbue jicho moja, na hivyo ndivyo mbuzi yule alivyokaa kwa miaka, akiikonyeza barabara nzima ya Lodwar. Tangu hapo nilijua kwamba kwenye picha, jicho si kitu cha kuchezea.

Sasa tuingie kwenye jambo lenyewe. Mwaka 2012, habari za mafuta kupatikana ardhini zilipoenea, mji ulianza kujaa wageni, na kila mwenye chumba cha kulala wageni akataka bango. Nikafikiri nimepata. Kumbe watu walikuwa wanaagiza mabango ya plastiki kutoka Kitale, yanachapwa kwa mashine, yanakuja yamekunjwa kama mkeka. La kwanza lilitundikwa kwenye hoteli ileile niliyoandika LI. Lilikuwa na kuku wa kukaanga mkubwa kuliko mlango, kuku wa kweli kabisa, hadi mafuta yanang'aa.

Nilienda kumwangalia kuku huyo. Nikasogea karibu mpaka pua ikagusa plastiki, na hapo nikaona kitu kilichonishangaza: hakukuwa na kuku. Kulikuwa na vidoti. Vyekundu, vya manjano, vya bluu, vyeusi, basi. Nikirudi nyuma, kuku. Nikisogea, vidoti. Nilienda mbele na nyuma hivyo mpaka mwenye hoteli akatoka kuuliza kama nimepoteza kitu.

Baada ya miezi kadhaa jua letu likaanza kazi. Wengi wenu hamjui, lakini jua hula rangi nyekundu kwanza. Bluu ndiyo ngumu. Kwa hiyo kuku yule akawa wa bluu, na hakuna mtu aliye na njaa ya kuku wa bluu. Mwenye hoteli aliona haya kuniita, lakini aliniita. Nikajaribu kupaka juu ya plastiki, rangi ikabanduka kama ngozi ya nyoka. Nikajaribu tena baada ya kuisugua kwa msasa laini na jivu, nikaiosha, nikaiacha ikauke kivulini. Ikashika. Nikamrudishia kuku wekundu wake kwa burashi, nikifuata vidoti vya mashine. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kufanya kazi na kompyuta, ingawa kompyuta yenyewe sikuwa nimewahi kuiona ikiwashwa.

Habari za kuku aliyefufuka zilibebwa na dereva mmoja wa lori la samaki, aliyekuwa akitoka Kalokol na kupita hapa kwenda Kakuma. Aliporudi aliniletea salamu: kuna Mkongomani ana studio ya picha sokoni ndani ya kambi ya wakimbizi, anasema yule mama aliyefufua kuku aje amchoree pazia.

Mtu huyo aliitwa Bahati. Alikuwa mwanamume wa makamo, mwembamba, shati lake limepigwa pasi hata kwenye joto lile. Kwao ni Bukavu. Huko alifundishwa na mjomba wake kusafisha filamu gizani, taa nyekundu ikiwaka. Vita viliichukua studio, vikamchukua na mjomba. Kakuma alianza upya na kamera ndogo ya dijitali, laptopu iliyopungukiwa vitufe viwili, na printa aliyoifunika kwa kitambaa kama mtoto mchanga, kwa sababu ya vumbi.

Nilimuuliza anataka pazia la kuchora la nini, wakati kompyuta yake inaweza kumweka mtu mbele ya ndege au ghorofa za Nairobi. Akanionyesha. Kweli, kulikuwa na kijana wa Kisomali amesimama mbele ya maporomoko ya maji.

"Angalia miguu, mama," akasema. "Computer inakata mutu muzuri. Lakini miguu haikanyage chini. Anaelea kama malaika."

Nikaangalia. Kijana alikuwa anaelea. Hakuwa na kivuli, na jua la usoni kwake lilitoka kushoto, la maporomoko lilitoka kulia.

Nikamchorea pazia: ziwa, majani mabichi, na ndege moja mbali, kwa sababu wateja walitaka ndege. Kazi hiyo ingeisha mapema, lakini niliivuta. Mdogo wangu alikuwa ameolewa Kakuma mjini, nikawa nalala kwake, na kila asubuhi narudi studio kujifunza. Nilimuuliza Bahati kila kitu. Kilichonitia wazimu ni kile kitufe cha kurudi nyuma. Unakosea, unabonyeza, kosa limefutika kama halikutokea. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Mimi nikikosea juu ya ngazi huwa nashuka, naleta kitambaa, nasugua, ukuta unabaki na kovu. Kwa siku kadhaa baadaye, nikipaka rangi, kidole changu kilikuwa kinatafuta kitufe kile ukutani.

Siku nyingine alikuza uso wa mtu kwenye skrini mpaka ukavunjika vijiraba vidogo, kila kimoja na rangi yake. Nilivua mkufu mmoja shingoni nikauweka kando ya kioo. Ushanga na vijiraba. Nikamwambia mama yangu alikuwa anafanya hivi bila umeme. Bahati akauchukua mkufu, akahesabu shanga kwa ukucha, akaniuliza wanawake wetu wanajuaje pa kubadilisha rangi bila kuwa na mchoro. Nikajaribu kumweleza, nikashindwa, kwa sababu huwa tunajua tu. Siku hiyo hakuna mteja aliyehudumiwa haraka.

Katika siku hizo ndipo Mama Deng alipoingia.

Alikuwa mwanamke mrefu wa Sudan Kusini, mtulivu, ana kifurushi cha uzi wa kudarizi kwenye mfuko wa plastiki. Alikuja na mwanawe Deng, mwalimu katika shule moja ya kambini. Mama Deng alikuwa anajiandaa kurudi kwao. Nchi yao ilikuwa imepata bendera yake, na mama mkwe wake alikuwa bado hai kijijini. Alitoka huko akiwa msichana aliyeolewa juzi, na mtoto mdogo mgongoni. Watu wa huko, akasema, watauliza huyu mzee ni nani, na mwanawe ni wa nani. Alitaka picha moja ya kuwaonyesha: yeye, Deng, na Baba Deng.

Baba Deng hakuwepo. Walipoteana naye njiani Deng akiwa ananyonya, na hakusikika tena. Alichobakiza ni picha ya pasipoti, ndogo kama kucha ya dole gumba, imekunjwa hadi mkunjo umepita katikati ya jicho moja.

Bahati aliiskani, akampiga picha Mama Deng na mwanawe mbele ya pazia langu, akamkata Baba Deng na kumbandika katikati. Alifanya kazi safi. Lakini Deng aliisogelea skrini. Alisema, "Huyu ni mdogo wangu."

Ilikuwa kweli. Mtu wa kwenye picha alikuwa kijana ambaye ndevu zimeanza juzi. Mwanawe amesimama kando yake, amepanuka mabega, ameshaanza kuwa na mikunjo ya mwalimu kwenye paji la uso. Deng akamwomba Bahati amzeeshe baba yake, awe wa umri ambao angekuwa nao. Bahati akajaribu. Alichukua mvi za mtu mmoja, mashavu ya mwingine, akalainisha, akapaka. Siku ya pili akamgeuzia Mama Deng skrini.

Aliinama karibu na skrini. Akasema polepole, "Hii mtu mimi sijui." Akachukua mfuko wake wa uzi akaondoka.

Deng alibaki. Alikuwa ameona aibu, na aibu ikamfungua mdomo. Alituambia kwamba yeye hasa hakuitaka picha hiyo, mama ndiye anayeitaka. Maisha yake yote aliambiwa baba alienda vitani. Hakuwa na neno na watu waliopigana, akasema, lakini mwanamume anayemwacha mke na mtoto wa kunyonya porini ili akashike bunduki, huyo hakuna sababu ya kumweka ukutani. Bahati alizima laptopu. Sisi wawili tulikuwa tumefurahia mchezo wetu wa kubandika vichwa, na hatukufikiria tunambandika nani.

Kesho yake nilimfuata Mama Deng nyumbani kwake. Nilimkuta amekaa mkekani, anadarizi. Nimeishi karibu na ushanga maisha yangu yote, lakini kazi ile ilinifanya nikae chini bila kukaribishwa. Wao huita milaya: mashuka meupe ya kitanda yaliyojaa maua na ndege wa uzi, kila mshono umeshikana na mwenzake mpaka kitambaa kinapata uzito. Nilimuuliza mchoro wa ndege anautoa wapi. Akasema anachora kwa kalamu, akishindwa anaiga wa jirani. Nikamuuliza kama amewahi kudarizi mtu. Akatikisa kichwa. Kisha sindano ikasimama hewani.

Sijui nani kati yetu alifikiria kwanza kumdarizi Baba Deng. Nakumbuka tu kwamba tulirudi studio pamoja, tunatembea haraka kwenye mchanga wa lugga ya Tarach, ule mto usio na maji, na yeye ndiye aliyetangulia.

Mpango wetu ulikuwa huu. Bahati ataukuza uso wa picha ya pasipoti kwenye kompyuta, auchape vipande vipande kwenye karatasi za kawaida, mimi niziunganishe kwa gundi. Kisha nifanye kama tunavyofanya tukitaka herufi zinazofanana kwenye kuta mbili: unatoboa mstari kwa sindano, tundu baada ya tundu, unaweka karatasi juu ya shuka, unaipigapiga kwa kitambaa kilichofungwa unga wa makaa. Ukiinua karatasi, mchoro umebaki kwa vidoti vyeusi. Mama Deng atapita juu yake na uzi.

Lakini picha ya pasipoti huishia kifuani. Baba Deng hakuwa na mikono wala miguu. Mtu pekee mwenye mwili unaofanana na wake alikuwa mwanawe, na Mama Deng akaenda mwenyewe kumtoa shuleni saa ya mapumziko.

Alisimama mbele ya pazia bila furaha. Mabati yalikuwa yanalia kwa joto. Mama Deng aliinuka akamsukuma goti kwa mguu wake mpaka likalegea, akampanga mabega, akamshika kidevu akakigeuza. Kisha akarudi nyuma, akaziba mdomo kwa kiganja. Nikajua amemwona mumewe.

Mimi nilikuwa na kipande cha kaa mkononi, nachora haraka. Nikafika mkono wa kulia. Nikauliza swali la kazi tu, kama ambavyo ningemuuliza mwenye bucha kuhusu pembe za mbuzi. Mkononi alishika nini?

Mama Deng aliutazama mkono wa mwanawe.

"Kibuyu," akasema.

Deng akageuka. "Kibuyu? Mtu anaenda vitani na kibuyu?"

"Hapana enda vita."

Alisimulia akiwa ameangalia pazia langu, lile ziwa la uongo, si mwanawe. Walikuwa wametembea na watu wengi. Maziwa yake yalikuwa yamekauka, na mtoto alilia hadi sauti ikaisha. Asubuhi Baba Deng alisema amesikia kengele za ng'ombe upande ule, akachukua kibuyu, akaenda. Jua lilipopanda, milio ya bunduki ikatoka upande huohuo. Alingoja mpaka wenzake walipomvuta kwa nguvu. Alipofika kambini na mtoto akaanza kuuliza, alimwambia jibu walilokuwa wakipewa watoto wote.

"Mtoto hapana weza beba hiyo," akasema. "Atasema ni mimi nililia."

Bahati alikuwa ameinamisha kichwa juu ya kamera. Mimi sikujua mikono yangu niiweke wapi. Deng alisimama vilevile, goti limelegea, kidevu kimegeuka kama alivyopangwa, na machozi yanamtiririka bila yeye kuyafuta. Nilidhani atatoka. Niliona kabisa akiuangalia mlango.

"Nipeni kitu cha kushika," akasema.

Bahati akatazama huku na huku, akampa thamosi yake ya chai. Deng akaishika. Mama yake akaja, akamfungua vidole taratibu, akamfundisha upya: kibuyu kilikuwa na ugwe, na kilikuwa kitupu, na kitu kitupu hakikumbatiwi, kinaning'inizwa. Thamosi ikaning'inia kwenye vidole viwili. Bahati akapiga picha, kisha akapiga nyingine na nyingine, nadhani kwa sababu hakutaka kuitoa kamera usoni.

Kuhusu umri hakuna aliyeuliza tena. Deng mwenyewe ndiye aliyesema, akiwa mlangoni anarudi kwa wanafunzi wake, tumwache baba yake na umri wake.

Uso ndio uliotusumbua. Nikiukuza sana, ni vijiraba vitupu. Nikiupunguza, mstari unapotea. Ilibidi niamue pua inaishia wapi, sikio linaanzia wapi, na mengine nilibahatisha. Halafu kulikuwa na lile jicho lililoliwa na mkunjo. Bahati akasema hiyo ni kazi ndogo. Akachukua jicho zima, akaligeuza, akaliweka upande wa pili. Mara uso ukawa kama wa sanamu ya kuonyeshea nguo dukani. Tulishangaa wote wawili, tukatafuta sababu, tukaanza kutazamana machoni kama wendawazimu. Nikagundua kwamba macho ya mtu si mapacha, ni ndugu tu. Moja huwa limelala kidogo, au limekaa juu kidogo. Basi sikutoboa kitu mahali pa jicho lile. Nikaacha peupe, nikamwambia Mama Deng hapo ni pake.

Alilishona na kulifumua mara nyingi. Nikipita kumsalimu namkuta na shuka mapajani, nyuzi fupi nyeusi zimetapakaa mkekani. Hakutaka msaada. Siku moja Deng akaja studio akasema mama anatuita. Tulipofika shuka lilikuwa limetandikwa juu ya kitanda. Maua pembeni, mekundu na ya manjano, na katikati kijana wa uzi mweusi na wa kahawia, goti limelegea, kibuyu kinaning'inia, na macho mawili yasiyolingana yanatuangalia. Mimi nilikuwa nimekuja na rangi ya nguo, nyepesi kama maji ya chai. Nikaomba ruhusa, nikampakia kivuli chini ya miguu.

Bahati akapanda juu ya kiti apate kulipiga picha lote. "Sasa anakanyaga chini," akasema.

Mwanzoni mwa mwaka uliofuata Mama Deng alipanda lori la kwenda Lokichoggio, shuka limekunjwa kifuani, akavuka mpaka. Deng alibaki na wanafunzi wake. Mimi nilirudi Lodwar. Ilikuwa serikali za kaunti zinaanza, na kila ofisi ilitaka jina jipya mlangoni. Nilifanya kazi mpaka magoti yakaanza kunong'ona.

Siku moja nikiwa juu ya ngazi simu ikalia. Ilikuwa namba ngeni, na laini inakatika. Mama Deng. Baada ya salamu alisema ana swali la kazi. Mama mkwe wake alikuwa amepofuka. Alipoletewa shuka aliwekewa magotini, akapitisha vidole juu ya uzi kuanzia miguuni, akapanda goti, akapanda mkono, akafika kibuyu akakaa hapo kitambo, kisha akaenda usoni. Akasema ni yeye. Halafu akasema sikio limekaa juu mno. Mama Deng alitaka kujua atalifumuaje bila kubakiza matundu kwenye kitambaa.

Nilicheka hadi nikashikilia ukuta. Sikio lilikuwa kosa langu mimi, nililibahatisha kwenye vijiraba, na mama asiyeona alikuwa amelikamata kwa kidole kutoka nchi nyingine. Nikamwambia akishafumua alowanishe mahali hapo, asugue kwa ukucha kwa juu na kwa pembeni, nyuzi za kitambaa zitarudi mahali pake. Fanyeni hivyo na nyinyi mkikosea kwenye kitambaa. Picha zilizochapwa tu, zikilala bapa kwenye karatasi, mama yule asingeweza kuzisoma. Niliwaza hilo siku nzima, na jina la ofisi moja nilirudia herufi mara mbili.

Mwisho wa mwaka huo vita vikalipuka kwao. Mnajua wenyewe, wengi wenu mlisoma na watoto waliokuja wakati ule. Simu ya Mama Deng haikupatikana tena. Kakuma ikaanza kujaa upya, na Deng, akitoka darasani, akawa anaenda kila jioni mahali wanapopokelewa wageni, anatembea kati ya watu akiangalia nyuso. Alinipigia mara moja kuniuliza kama ninayo ile picha ya shuka. Alitaka kuwaonyesha madereva. Nilikuwa nayo, Bahati aliniwekea kwenye simu yangu. Lakini nilipoitazama niliona haitasaidia. Ilimwonyesha aliyepotea zamani, na aliyepotea sasa hakuwemo; ile ya kwanza, ya mama na mwanawe, Bahati alikuwa ameshaifuta ilipokataliwa. Katika haraka yetu yote na yule kijana, hakuna hata mmoja aliyekumbuka kwamba mama alikuwa ameomba awemo na yeye.

Kisha Bahati akapiga. Amefika, akasema. Nikaacha mlango wa watu nimeuandika nusu, nikapanda gari.

Mama Deng alikuwa amekonda mpaka mabega yamekuwa makubwa kuliko uso. Deng alikuwa amekaa karibu naye, bega kwa bega. Nikamsalimu kwa lugha yetu, ejok, akanijibu ejok, akanishika mikono. Shuka alikuwa amelivaa kiunoni chini ya gauni njia nzima. Akalifungua akalitandaza mkekani. Lilikuwa na vumbi na madoa, lakini mtu wetu alikuwepo, sikio lake limeshushwa vizuri. Mama mkwe hakuja. Hakuweza kutembea, na alikataa kubebwa. Alisema waende na mtoto wake. Alimaanisha shuka.

Nikaona kitu ambacho hatukukitengeneza sisi. Kutoka kwenye mguu wa kulia wa Baba Deng ulitoka mstari wa uzi wa bluu, umepindapinda, mishono mingine mirefu, mingine mifupi, unaenda, unarudi kidogo, unaenda tena, mpaka kwenye pindo la shuka. Nikauliza. Mama Deng akasema ni yule bibi alishona mwenyewe, yeye alimtilia tu uzi kwenye sindano. Alimuuliza anashona nini, hakujibiwa.

Deng alisema ni mto. Bahati alisema ni njia. Mama Deng alifikiri ni ugwe wa kibuyu umekatika. Mimi nilikuwa naangalia tu jinsi ulivyoshonwa.

Mwaka huo aliorudi, Mama Deng alianza shuka lingine, lenye yeye mwenyewe na mwanawe, na Bahati ndiye aliyewapanga wasimame. Hilo mkienda Kakuma mtalikuta nyumbani kwa Deng. Lakini ule mstari wa bluu Bahati aliupiga picha kwa karibu sana, hadi kila tundu la sindano likaonekana, akanichapia kwa ukubwa wa kweli. Ndio huo mnaouona hapo ukutani juu ya kiti changu. Nimeshaujaribu kwa burashi, kwa kaa, hata kwa kidole kwenye simu ya mmoja wenu. Kila mara nikifika pale unaporudi nyuma, mkono wangu unaunyoosha wenyewe. Burashi ziko kwenye kopo pale. Nani anaanza kuujaribu?